Washington Hadi Kongowea: Jinsi Maamuzi ya Marekani Yanavyofika Mfukoni Mwako



Mwaka wa 2025 habari za Marekani hazikutoka midomoni mwetu. Kwenye matatu, vijiweni, barazani na hata kwenye foleni ya kliniki, watu wameulizana maswali yale yale. Je, dawa zitakwisha? Kiwanda kitafungwa? Ni kweli pesa anazotuma mtoto aliyeko Marekani zitakatwa kodi kuanzia Januari? Na inakuwaje mtu atie saini karatasi Washington, halafu bei ya ngano ibadilike Marikiti?

Makala haya yanajibu maswali hayo. Hatuungi mkono wala hatupingi siasa za Marekani; hiyo ni kazi ya wapigakura wao. Nia yetu ni kueleza njia ambazo maamuzi ya huko hupitia mpaka yakafika hapa kwetu. Ukiijua njia, utajua ni wakati gani uchukue hatua, ni wakati gani usubiri, na ni wakati gani mtu anakudanganya.

Njia kuu ni nne: bei ya dola, pesa zinazotumwa na jamaa, soko la bidhaa zetu, na ufadhili wa huduma za afya. Na katika kila moja, mahakama zina nafasi yake.

1. Bei ya dola

Tuanzie bandarini kwetu. Mafuta yanayoteremshwa Kipevu, ngano, mafuta ghafi ya kupikia, mitumba, dawa na vipuri vya magari, sehemu kubwa ya bidhaa hizi hununuliwa kwa dola. Haijalishi kama mzigo umetoka Dubai, India au Urusi. Mwagizaji wa Mombasa hutafuta dola kwanza ndipo alipe. Kwa hiyo bei ya dola ikipanda, bei ya mzigo hupanda hata kama muuzaji wa ng'ambo hakuongeza senti.

Dola hupanda na kushuka kwa sababu nyingi, lakini mojawapo ya kubwa ni riba inayowekwa na Benki Kuu ya Marekani, inayojulikana kama Federal Reserve, au Fed kwa kifupi. Kamati yake hukutana mara 8 kwa mwaka kuamua riba hiyo. Inapopandishwa, mwenye pesa popote duniani huona ni afadhali aziweke Marekani, apate faida bila wasiwasi, kuliko kuzikopesha nchi kama Kenya. Pesa huondoka kwetu, dola huadimika, na shilingi hupoteza thamani.

Hili tuliliona kwa macho yetu. Mwanzoni mwa mwaka wa 2022 riba ya Fed ilikuwa karibu na sufuri. Kwa sababu ya mfumuko wa bei nchini mwake, Fed ilianza kuipandisha mwezi Machi mwaka huo, na kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Huku kwetu, dola moja iliyokuwa ikinunuliwa kwa takriban Sh113 mwanzoni mwa 2022 ilifika karibu Sh160 Januari 2024.

Chukua mfano wa mzigo wa dukani unaogharimu dola 20. Dola ikiwa Sh113, mwagizaji hulipa Sh2,260. Ikiwa Sh160, mzigo ule ule ni Sh3,200. Tofauti ya Sh940 haikuwekwa na mwenye duka wala na mwenye meli. Imetokana na thamani ya shilingi pekee, kabla ya kodi, usafiri na faida.

Ni kweli pia kwamba si Fed peke yake iliyoiangusha shilingi. Kenya ilikuwa na deni la Eurobond la dola bilioni 2, lililokopwa mwaka wa 2014 na lililopaswa kulipwa Juni 2024. Wawekezaji wengi walihofu kwamba tungeshindwa kulipa. Februari 2024 serikali ya kitaifa ilikopa dola bilioni 1.5 mpya ili kulipa sehemu kubwa ya deni hilo mapema. Hofu ilipungua, shilingi ikapata nguvu, na mwaka wa 2025 dola ilitulia kwenye Sh129 hivi.

Lakini nafuu hiyo ilikuwa na gharama yake. Mkopo wa 2014 wa miaka 10 ulikuwa na riba ya asilimia 6.875 kwa mwaka. Ule wa 2024 una riba ya asilimia 9.75. Kila pesa inayolipia riba hutoka katika hazina ile ile inayotegemewa na shule, barabara na mgao wa kaunti. Hivyo ndivyo riba ya Washington inavyoweza kumgusa hata mtu ambaye hajawahi kushika dola maishani mwake.

Baadaye mambo yalielekea upande mwingine. Fed ilianza kupunguza riba Septemba 2024, na tarehe 10 Desemba 2025 iliishusha hadi kati ya asilimia 3.50 na 3.75. Siku moja kabla, Benki Kuu ya Kenya nayo ilishusha riba yake hadi asilimia 9.00, kutoka asilimia 13 iliyokuwapo mapema mwaka wa 2024. Benki Kuu yetu huamua kwa kuangalia hali ya hapa nchini, lakini dola ikitulia, huwa rahisi kwake kupunguza riba bila kuiyumbisha shilingi. Kwa hiyo, ikiwa una mkopo wa benki ambao riba yake hubadilika, una haki ya kwenda kuuliza: punguzo hili litanifikia lini na kwa kiasi gani?

Hapa ndipo siasa na mahakama za Marekani zinapoingia. Agosti 2025 Rais Donald Trump alitangaza kumfuta kazi Lisa Cook, mmoja wa magavana wa Fed. Bi. Cook alikwenda mahakamani, na mahakama ikazuia asiondolewe. Oktoba Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua aendelee na kazi kwa sasa, na hoja za kesi zisikilizwe Januari 2026. Kesi hiyo inahusu kama rais anaweza kuwaondoa kwa urahisi watu wanaoamua riba. Wawekezaji wakiamini kwamba riba inawekwa kwa matakwa ya wanasiasa, huanza kuhamisha pesa zao, na dola huyumba. Dola ikiyumba, mwagizaji wa Mombasa hashindwi kuhisi.

2. Pesa zinazotumwa na jamaa

Mwaka wa 2024 Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na sehemu kubwa ya pesa hizo ilitoka Marekani. Ni karo, kodi ya nyumba, matibabu ya wazee, na matofali ya kiwanja kule Kisauni au Likoni. Kwa hiyo sheria yoyote inayogusa pesa hizo ni jambo la nyumbani kwetu.

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump alitia saini sheria kubwa ya kodi na matumizi. Ndani yake mna kodi mpya kwa pesa zinazotumwa nje ya Marekani. Mswada ulipoanza, kiwango kilichopendekezwa kilikuwa asilimia 5. Bunge la Wawakilishi lilipitisha asilimia 3.5. Baada ya Seneti kuufanyia mabadiliko, kiwango kilichobaki katika sheria ni asilimia 1, kuanzia tarehe 1 Januari 2026.

Mambo matatu ya kujua ni haya.

Kwanza, kodi hii inahusu pesa zinazotumwa kwa njia ya pesa taslimu, hundi ya benki na karatasi nyingine za malipo za aina hiyo. Anayetuma kutoka kwenye akaunti yake ya benki iliyoko Marekani, au kwa kadi ya benki iliyotolewa Marekani, hakatwi.

Pili, kodi hulipwa na anayetuma, kule kule anakotumia. Akitoa dola 200 taslimu kwa wakala, ataongeza dola 2, ambazo kwa bei ya Sh129 kwa dola ni kama Sh258. Akituma dola hizo hizo kutoka kwenye akaunti yake, kodi hiyo haimhusu.

Tatu, wewe unayepokea hudaiwi chochote. Ukipata simu au ujumbe unaosema kuna pesa zako zimezuiwa mpaka ulipe "kodi ya Marekani" kwa nambari fulani, usitume hata shilingi moja. Huo ni utapeli. Wazee wetu waambiwe mapema, maana wao ndio hulengwa zaidi.

Kwa hiyo, ikiwa una mwana, binti, ndugu au shangazi kule, mpigie simu. Muulize anatuma kwa njia gani. Huenda mazungumzo ya dakika 5 yakawapunguzia gharama mwaka mzima.

3. Soko la bidhaa zetu na kazi za viwandani

Wakazi wengi wa Changamwe, Jomvu na Mikindani wamefanya kazi, au wana jamaa waliofanya kazi, katika viwanda vya nguo vinavyouza ng'ambo. Nchini kote, viwanda hivi vimeajiri makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wakiwa kina mama na vijana. Soko lao kubwa ni Marekani, na mlango waliopitia ni sheria ya AGOA.

AGOA ilitiwa saini mwaka wa 2000 wakati wa Rais Bill Clinton. Iliruhusu nchi za Afrika zilizotimiza masharti kuuza bidhaa nyingi Marekani bila kulipa ushuru wa forodha. Si mkataba wa kudumu. Ni sheria ya Bunge la Marekani yenye tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ilikuwa 30 Septemba 2025. Ilifika kabla ya Bunge hilo kuongeza muda, na hadi mwisho wa 2025 lilikuwa halijafanya hivyo.

Kabla ya hapo, Aprili 2025, Rais Trump alikuwa ametangaza ushuru mpya kwa bidhaa za karibu nchi zote duniani. Kenya iliwekewa asilimia 10.

Ili uone uzito wake, chukua suruali ya pamba ya wanaume iliyoshonwa hapa na kufika bandari ya Marekani ikiwa na thamani ya dola 10. Kabla ya Aprili 2025, chini ya AGOA, haikulipiwa ushuru. Kuanzia Aprili hadi Septemba ililipiwa dola 1. Kuanzia Oktoba 2025, AGOA ilipokwisha, ulirudi ushuru wa kawaida wa asilimia 16.6, ukijumlishwa na ile asilimia 10. Kufikia mwisho wa 2025 suruali ile ile ililipiwa takriban dola 2.66.

Ushuru huo hulipwa na kampuni ya Marekani inayoagiza, si na mshonaji wa hapa. Lakini kampuni hiyo ina njia chache: ipandishe bei kwa mteja wake, imwombe mwenye kiwanda wa hapa apunguze bei, au ihamishie oda nchi nyingine. Njia ya pili na ya tatu ndizo zinazoishia kwa mfanyakazi wetu, kupitia saa za ziada zinazokatwa, mkataba usiofanywa upya, au laini nzima ya ushonaji kusimama.

Je, mahakama zinaweza kuubadilisha ushuru huu? Sehemu yake, ndiyo. Rais Trump aliuweka ule wa asilimia 10 kwa kutumia sheria ya mwaka wa 1977 inayompa rais mamlaka ya dharura ya kiuchumi. Baadhi ya wafanyabiashara wa Marekani walishtaki, wakisema sheria hiyo haimpi rais uwezo wa kutoza ushuru. Mei 28 mahakama ya biashara ya kimataifa iliyoko New York ilikubaliana nao. Agosti 29 mahakama ya rufaa ilikubaliana nao pia. Hata hivyo, ushuru uliendelea kutozwa huku rufaa ikiendelea. Novemba 5 Mahakama ya Juu ilisikiliza hoja, na hadi mwisho wa 2025 uamuzi wake ulikuwa ukisubiriwa.

Hapa inafaa kuwa makini. Hata kama Mahakama ya Juu ingeufuta ushuru wa dharura, ile asilimia 16.6 isingeondoka kwa uamuzi huo, kwa sababu iliwekwa na sheria nyingine ya zamani. Hiyo huondolewa na Bunge la Marekani pekee, kwa kuirudisha AGOA, au kwa mkataba wa kibiashara kati ya Kenya na Marekani. Kwa hiyo mfanyakazi wa kiwandani atazame sehemu mbili: mahakamani na bungeni.

Kwa upande wa chai, ambayo mnada wake hufanyika papa hapa Mombasa, habari ni nzuri zaidi. Novemba 14 Rais Trump aliiondoa chai, pamoja na kahawa, kwenye orodha ya bidhaa zinazotozwa ushuru huo mpya. Sababu kubwa ilikuwa malalamiko ya Wamarekani wenyewe kuhusu bei ya vyakula. Mnunuzi wa kule naye ana sauti.

4. Dawa na huduma za afya

Hii ndiyo njia iliyowagusa watu wetu kwa uchungu zaidi mwaka wa 2025.

Tangu mwaka wa 2003, mpango wa PEPFAR ulioanzishwa na Rais George W. Bush umegharamia sehemu kubwa ya mapambano dhidi ya Ukimwi nchini Kenya: dawa, vipimo vya maabara, na mishahara ya wahudumu wengi wa kliniki. Shirika la USAID ndilo lililosimamia sehemu kubwa ya miradi hiyo.

Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kuapishwa kwake, Rais Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe. Siku chache baadaye miradi iliagizwa kusimamisha kazi, kisha msamaha ukatolewa kwa huduma za kuokoa maisha. Machi 10 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID ilikuwa imefutwa. Julai 1 shirika hilo likafungwa rasmi na kazi zilizobaki zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Hapa Kenya, wahudumu wengi waliolipwa na miradi hiyo walirudishwa nyumbani, na Wizara ya Afya ikaagiza huduma za Ukimwi zijumuishwe na huduma za kawaida za wagonjwa.

Mahakama hazikukaa kimya. Februari jaji mmoja mjini Washington aliamuru pesa zilizosimamishwa ziachiliwe. Machi 5 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa ombi la serikali la kuzuia malipo ya kazi iliyokuwa tayari imefanywa, jumla yake ikiwa karibu dola bilioni 2. Wengi walishangilia. Lakini kulipwa kwa kazi ya jana hakukufufua mradi wa kesho. Siku 5 baadaye ndipo asilimia 83 ya miradi ilipotangazwa kufutwa. Na Septemba 26 Mahakama hiyo hiyo iliiruhusu serikali kuendelea kuzuia dola bilioni 4 za misaada ambazo Bunge lilikuwa limezipitisha.

Tarehe 4 Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia saini mpango mpya wa ushirikiano wa afya wa miaka 5. Marekani iliahidi kutoa hadi dola bilioni 1.6, na Kenya kuongeza dola milioni 850 za matumizi yake yenyewe ya afya katika kipindi hicho. Badala ya kupitia mashirika yasiyo ya serikali, pesa zinakusudiwa kupitia taasisi za serikali. Siku 7 baadaye Mahakama Kuu mjini Nairobi ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa sehemu inayohusu kutoa data za afya za Wakenya, hadi kesi isikilizwe. Kwa hiyo si mahakama za Marekani peke yake zinazohusika. Zetu nazo zina kauli, na mwananchi wa kawaida anaweza kuzifikia.

Kwa mgonjwa, la muhimu ni hili. Dawa za ARV zinaendelea kutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Usiache dawa kwa sababu ya habari uliyoisikia redioni au mtandaoni, na usigawane dawa na mwenzako kwa kuhofia zitakwisha. Kama chumba ulichozoea kimefungwa au mhudumu uliyemzoea hayupo, uliza mapokezi huduma imehamishiwa wapi. Kama umeona aibu kupanga foleni na wagonjwa wengine, sema na muuguzi. Siri yako bado inalindwa na sheria.

Jinsi ya kuipima habari ya Marekani

Katika mifano yote hii kuna jambo moja linalojirudia: habari ya kwanza mara nyingi si habari ya mwisho. Kodi ya asilimia 5 iliishia kuwa asilimia 1. Ushuru ulioshindwa mahakamani uliendelea kutozwa. Ushindi wa Machi kuhusu misaada haukurudisha kliniki. Kwa hiyo ukisikia habari, jiulize iko katika hatua gani:

- Ni kauli tu ya mwanasiasa? Bado hakuna kilichobadilika.
- Ni mswada? Unaweza kubadilishwa au kufa katika Bunge la Wawakilishi au Seneti.
- Ni sheria iliyotiwa saini? Tafuta tarehe ya kuanza kutumika.
- Ni amri ya rais? Huweza kuanza mara moja, lakini pia huweza kupingwa mahakamani au kubadilishwa na rais mwenyewe.
- Ni uamuzi wa mahakama ya chini? Uliza kama umesimamishwa kusubiri rufaa.
- Ni uamuzi wa Mahakama ya Juu? Soma umeamua nini hasa, maana mara nyingine ni wa muda tu.

Si kila bei imetoka Marekani

Ni rahisi kumlaumu aliye mbali. Lakini mkazi makini atenganishe mambo. Bei ya petroli, dizeli na mafuta ya taa hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi. Sehemu yake hutokana na bei ya mafuta duniani na bei ya dola. Sehemu nyingine ni kodi na ada tulizojiwekea wenyewe. Julai 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 ada ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Maamuzi hayo yalifanywa Nairobi, si Washington.

Nyanya na mchicha wa Kongowea nazo hutegemea mvua, barabara na mafuta ya lori. Ukiambiwa zimepanda "kwa sababu ya Trump", una haki ya kuuliza: kivipi? Dola ikiwa imetulia kwenye Sh129 kwa mwezi mzima, mfanyabiashara hawezi kusingizia dola iliyopanda wiki hii. Bei ya dola hutangazwa na Benki Kuu ya Kenya kila siku ya kazi, na mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuitazama.

Wewe ufanye nini?

Kama unapokea pesa kutoka Marekani, zungumza na jamaa yako kuhusu njia ya kutuma.

Kama una mkopo wa benki, uliza kuhusu riba mpya, na utake jibu kwa maandishi.

Kama unaagiza bidhaa, tazama tarehe za mikutano ya Fed na ya Benki Kuu ya Kenya kabla ya kukubali deni la dola. Anayeuza kwa shilingi na kudaiwa kwa dola hubeba hatari peke yake.

Kama unafanya kazi katika kiwanda kinachouza Marekani, uliza kupitia chama chako cha wafanyakazi jinsi oda zilivyo, na uweke akiba hata ndogo.

Kama unatumia dawa za kila siku, endelea nazo na utunze kadi yako ya kliniki.

Na sote kwa pamoja tushiriki katika bajeti. Huduma za afya za kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti chini ya Katiba. Mfadhili akipunguza, pengo lazima lizibwe na pesa zetu, na kuzizibia pengo hilo ni kuziondoa mahali pengine. Kwa mujibu wa sheria, taarifa ya mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Katika miezi hiyo wananchi hualikwa kutoa maoni. Ukitaka kujua kama zahanati ya wadi yako imetengewa pesa za dawa na za wahudumu mwaka ujao, hapo ndipo pa kuuliza. Tarehe na mahali pa mikutano, mwulize msimamizi wa wadi yako.

Hatuna kura Marekani, na hatuwezi kuamua riba ya Fed wala hukumu ya majaji wao. Lakini bajeti ya kaunti hii ni yetu, na kiti cha mkazi kwenye kikao cha maoni hakikai mtu mwingine ila mkazi mwenyewe.